Kompyuta Iliyobisha Hodi

Nilikwenda Rusimbi, Kigoma, kwenye arobaini ya Mama Zaituni nikiwa nimejiandaa kulia, na kweli nililia kidogo wakati wa dua, lakini mchana ulipofika nilikuwa nagombana. Wageni walikuwa wameondoka, tumebaki uani watu wa nyumbani, sinia la pilau limefikia ukoko. Idi, ambaye siku hizi ana kitambi na ofisi yenye kiyoyozi huko Dodoma, alikuwa anawasimulia wajukuu wa marehemu habari za kompyuta za zamani. Akafika kwenye Vista, ile programu ya kuendeshea kompyuta. “Hiyo ndiyo takataka kubwa kuliko zote zilizowahi kuwekwa ndani ya kompyuta,” alisema. “Nzito, mbishi, inauliza maswali kama afisa uhamiaji. Bibi yenu alikuwa nayo, na huyu shangazi yenu Konsolata ndiye alikuwa mtetezi wake pekee mkoa mzima.” Vijana wakacheka. Nikamwambia mtetezi wake bado yupo, na kwamba yeye Idi ndiye wa mwisho kuruhusiwa kuisema vibaya ndani ya nyumba ile, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Akainamisha uso kwenye sahani. Hapo Zaituni, binti wa marehemu, akasema kompyuta yenyewe bado iko chumbani kwa mama yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kwamba kila Ijumaa mama yake alikuwa akiifuta vumbi.

Sijasomea kompyuta, na sitaki kubishana na waliosomea. Tangu wakati ule nimetumia nyingi, nyembamba, nyepesi, zinazowaka kabla hujakaa vizuri kitini. Sijaipenda hata moja kama nilivyoipenda ile. Watu wakiisema vibaya nasikia kama wanamsema ndugu yangu: najua kasoro zake kuliko wao, ila sitaki wazitaje. Na nikieleza kwa nini, inabidi nieleze mwaka mzima.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na matokeo ya kidato cha nne ambayo sikuwa namwonyesha mtu. Kasoro yangu ilikuwa moja: kuitikia. Darasani mwalimu akiuliza kama tumeelewa, mimi nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo, na mtihani ukaja ukaonyesha nilichokuwa nimeelewa. Mama Zaituni alikuwa na steshenari sebuleni kwake, akanichukua kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Alinipa chumba cha uani, chakula, na kiti mbele ya kompyuta. “Ukiweza, utabaki,” aliniambia siku ya kwanza, akinitazama kwa jicho moja kwa sababu jingine lilikuwa limeingiwa na moshi. “Usipoweza, tutaagana vizuri, wala sitakusema kwa watu.” Nikasema ndiyo, Mama, bila kuuliza kuweza maana yake nini.

Sebule yenyewe bado naiona. Makochi mawili yalikuwa yamesukumwa ukutani, na dirisha la mbele ndilo lilikuwa kaunta. Wateja walisimama barazani na kuingiza vichwa. Mezani kulikuwa na mashine ya kopi, printa ambayo nitaieleza, na kompyuta aliyoileta kaka yake Mama kutoka Dar kwa treni, akiwa ameifunga kwenye blanketi. Mlango wa nyuma ulifunguka jikoni, kwa hiyo barua zote za maombi ya kazi tulizozitoa kopi pale miezi ile zilinukia mawese. Nilichapa risala za harusi, katiba za vikundi vya akina mama, na huku naandika nasikiliza barazani nani kamkimbia nani, nani kaonekana Kagunga anauza mashua ya mkwewe. Ilikuwa shule nzuri kuliko ile niliyotoka.

Kompyuta ikiwashwa, Mama alibandika chai. Chai ikichemka, kompyuta naye ndiyo kwanza anaonyesha rangi zake, kijani na bluu zinazotembea, na muziki wake mfupi wa kukaribisha. Watu walicheka. Mimi niliona ni haki yake, hata binadamu akiamka haondoki mbio. Nilipenda kingo za madirisha yake zilizokuwa zinapenyeza mwanga kama kioo, nilipenda ile saa ya mviringo pembeni. Nilikuwa sijawahi kumiliki kitu kizuri, na ingawa hiki pia hakikuwa changu, kilikuwa mbele ya uso wangu kutwa nzima.

Halafu kulikuwa na maswali. Kaka yake Mama alikuwa ameigawa kompyuta milango miwili. Mmoja wangu, wa kazi za kila siku, hauna neno la siri, na mwingine wa Mama, ambaye ndiye msimamizi. Programu yoyote ikitaka kugusa kitu cha ndani, kioo chote kinafifia, kila kitu kinasimama, na katikati kinatokea kisanduku: fulani anataka kuendelea, mwenye mamlaka aandike neno lake la siri. Duniani kote watu walikuwa wanakitukana kisanduku kile. Sisi tulikielewa siku ileile ya kwanza. Kwetu huku hata ukute mlango wazi na mwenye nyumba amekaa hapo anamenya muhogo, utasimama nje useme hodi mpaka uambiwe karibu. Kumbe na kompyuta naye alikuwa analijua hilo.

“Mama, anabisha!” nilikuwa napaza sauti kuelekea jikoni.

“Nani?”

“Wa saa. Anataka kurekebisha saa.”

“Saa ina nini?”

“Iko nyuma dakika kumi.”

“Haya, nakuja.” Alikuwa anakuja anafuta mikono kwenye khanga, anainama, anaandika neno lake kwa kidole kimoja, na mimi nageuza uso natazama barabarani, kwa sababu hayo ni mambo ya mtu na sanduku lake. Mwaka mzima nilikaa hatua moja kutoka kwenye neno lile na sikulijua. Kisha anasema kwa heshima zote, “Karibu,” na kioo kinarudisha nuru.

Kosa letu kubwa lilitokana na adabu hiyohiyo. Printa ilikuwa ya zamani na haikuelewana na kompyuta, kwa hiyo Idi, ambaye wakati ule alikuwa fundi kijana anayezunguka mjini na mkoba wa CD begani, alituachia CD ya kuwapatanisha, akasema niiweke tu, itajiendesha. Niliiweka. Kioo kikafifia.

“Mama, anabisha. Ila huyu hana jina.”

“Hana jina vipi?”

“Imeandikwa hajulikani. Programu isiyojulikana inataka kuingia kwenye kompyuta yako.”

Alikuja na mwiko mkononi, akasimama mbele ya kioo kama anayemkagua mtu miguu mpaka kichwa. “Hajulikani, na anataka kuingia ndani?”

“Ndiyo.”

“Oya!” Akiwa amekasirika Mama alikataa kwa Kiha. “Kwangu haingii mtu asiyejitaja. Mwambie arudi kesho.”

Nikabonyeza kukataa. Kesho yake nikaiweka tena, na kweli akarudi, na Mama akamrudisha. Siku ya tatu vilevile. Idi alipokuja kuuliza printa inaendeleaje akashika kichwa. “Mama, mmemkataa printa! Yule alikuwa printa!” Mama hakutikisika. “Kama ni printa, si aseme yeye ni printa? Amekuja mara tatu hajasema.” Na kwa kuwa alikuwa ameshatamka mbele ya watu, hakuweza kurudi nyuma. Miezi yote iliyofuata nilichapa kwetu, mteja akabeba kazi yake kwenye flash, akavuka barabara kwenda kuitoa kwenye karatasi duka la ng'ambo. Idi alisema tatizo ni Vista. Mimi nilijua tatizo ni sisi, nikanyamaza.

Katika wateja wale alikuwepo Sista Anjela, muuguzi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Njombe, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, ambaye mwanzoni alikuwa anaogopa ziwa hata kulitazama. Alikuwa anasoma kwa masafa, na kazi yake ya mwisho ilikuwa ripoti kuhusu akina mama wa Mwamgongo, namna wanavyofika kujifungua pale ambapo njia ni boti tu. Akamaliza mwaka anapanda boti anazoziogopa, anakaa na wanawake majikoni mwao, anaandika kwenye madaftari makubwa. Kila akirudi ananiletea daftari nachapa. Nilijifunza mambo mengi kwenye madaftari yale. Kulikuwa na mama mmoja aliyejifungulia botini, akampa mtoto jina la nahodha, na nahodha naye akakataa nauli na akakataa jina. Nilicheka peke yangu mbele ya kioo, na nilipomaliza kucheka nikaona nimeelewa kitu nilichosoma, tena sikuulizwa.

Safari ya mwisho alibeba madaftari yote akahakikishe majina. Wakati wa kushuka Mwamgongo begi likamponyoka likaingia majini. Walilitoa, lakini wino ulikuwa umekwenda. Sista alirudi anacheka. “Ziwa limesoma ripoti kabla ya mwalimu wangu,” alisema. Aliweza kucheka kwa sababu kila kitu kilikuwa kwenye flash aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ilikuwa wiki ya mwisho. Jumatatu ripoti ilitakiwa chuoni, kwenye karatasi, mkononi mwa mwalimu. Ikichelewa angerudia mwaka, na kazini walikuwa wamemwambia wazi kwamba ruhusa ya mwaka mwingine haipo. Basi lake lilikuwa Ijumaa.

Wiki hiyohiyo Idi alimshinda Mama kwa maneno. Wateja walikuwa wanachoka kungoja kompyuta iamke na printa iliyogoma, wanahamia ng'ambo. “Niipige window upya, Mama,” alimwambia. “Niweke XP, ile ya kabla ya Vista. Nyepesi, haiulizi mtu kitu. Nafuta yote, naanza safi.” Mama alishusha pumzi akasema sawa, njoo kesho. Mimi nilisimama na kikombe mkononi, na nilipoulizwa nasemaje nikasema, kama kawaida yangu, ndiyo.

Alhamisi asubuhi Mama alikwenda soko la Kibirizi kununua samaki, migebuka. Sista alipita, nikamwekea kwenye flash nakala ya mwisho ya ripoti, akavuka barabara kwenda kuitoa. Idi akaja mapema kuliko alivyoahidi, akaweka CD yake, na kioo kikafifia. Neno la siri la msimamizi.

“Mama yuko wapi?”

“Kibirizi.”

“Haina shida. Nikiizima na kuiwasha CD ikiwa ndani, hapo haiulizi mtu. Inapita moja kwa moja.” Akanyoosha kidole kwenye kitufe. “Kazi ya Sista si anayo kwenye flash?”

“Anayo.”

“Kuna kingine?”

Hakukuwa na kingine. Sikuwa na hoja hata moja, na ningekuwa muongo nikisema nilihisi hatari. Nilichojua ni kwamba watu wawili tulikuwa tunataka kuingia chumba cha mtu kwa kupitia dirishani wakati amekwenda sokoni, na kwamba yule aliyekuwa kwenye kioo, ambaye kila mtu anamcheka, ndiye pekee aliyeuliza. Nikaweka kiganja changu juu ya kitufe. “Hapana,” nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Idi aliniangalia kama aliyesikia kochi linaongea. “Konso, nina kazi nyingine mtaa wa Mwanga saa nne.”

“Mwenye nyumba hajasema karibu. Subiri Mama. Kuna chai na muhogo wa kuchemsha.” Angeweza kukiondoa kiganja changu kwa kidole kimoja. Lakini Idi, kwa ubishi wake wote, hakuwa mtu wa kuondoa mikono ya watu. Akacheka, akavuta kiti, akala muhogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumkatalia mtu mzima kitu na dunia ikaendelea.

Kikombe hakijaisha, mlango ukafunguka bila hodi. Alikuwa Sista Anjela, uso umekauka. “Imekwenda, Konso. Ripoti yote imekwenda.” Kule ng'ambo kompyuta ilikuwa na virusi, vile vya flash vilivyokuwa vinazunguka mjini miezi ile. Zilitoka kurasa mbili, ikajizima, na ilipowaka folda zake zote zilikuwa majina matupu. Ukifungua hakuna kitu. Alishika ile flash kwa mikono miwili. “Madaftari yamelowa. Wale akina mama siwezi kuwauliza upya. Nitamwambia nini mwalimu? Nitawaambia nini wao?” Sikuwahi kumwona anatetemeka nchi kavu.

Idi, kwa mazoea ya fundi, aliichukua flash akaichomeka kwetu aiangalie, kabla sijafungua mdomo. Kioo kikafifia. Na hapohapo Mama Zaituni akaingia na kikapu chake, mikia ya migebuka imechungulia nje.

“Nani anabisha?” aliuliza, akiona tu sura zetu.

“Hana jina, Mama. Ametoka kwenye flash ya Sista.”

Mama aliweka kikapu chini. “Oya. Na huyu hata kesho asirudi.”

Nikabonyeza kukataa, nikachomoa flash. Kisha nikafungua folda yangu. Ripoti ilikuwepo. Kurasa zote, akina mama wote, nahodha na nauli yake. Sista alikaa kwenye kochi akalia, halafu akacheka kile kicheko chake mpaka watu wa barazani wakaingiza vichwa. Idi aliangalia kiganja changu, akaangalia kitufe, akabonyeza CD yake itoke, akairudisha mkobani.

Ikabaki karatasi. Ng'ambo hakukufaa tena. Idi akachakura mkoba akatoa ile CD ya printa, akaiweka, na kioo kikafifia kwa mara nyingine.

“Huyu ndiye yule?” Mama aliuliza.

“Ndiye, Mama. Mimi namjua. Namdhamini.”

Mama alifikiri kwa muda wake. Kwetu mgeni asiyejulikana anaweza kuingia akiwa na mtu wa kumsemea, na kwa miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemsemea. “Ungesema hivyo tangu mwanzo,” alimwambia Idi. “Akiharibu, nakukamata wewe.” Akainama, mimi nikatazama barabarani, kidole kikagonga. “Karibu,” akasema. Printa ikakohoa, ikaanza kutoa kurasa. Mchana tulikula migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, sote wanne, huku ripoti ikiendelea kutoka nyuma yetu, na Sista kila ukurasa ukitoka anainuka kwenda kuupokea na vidole vyenye mafuta mpaka Mama akamkataza. Ijumaa alipanda basi. Alifaulu. Na ndiye aliyenisumbua, barua baada ya barua, mpaka nikarudia mitihani yangu.

XP haikuingia nyumba ile. Mwaka ulipoisha Mama hakuniambia nimeweza. Aliniambia tu nikanunue pazia la chumba changu, lile limechakaa. Nikaelewa nabaki. Tangu mwaka ule sijasaini karatasi ambayo sijaisoma mpaka mwisho. Maafisa wamekaa wananingoja wakigonga kalamu. Walikuja wachumba watatu, wawili hawakujieleza vizuri, nikawarudisha. Watu wanasema ile kompyuta ilikuwa inachosha kwa kuuliza. Mimi kabla yake hakuna aliyekuwa ananiuliza chochote akangoja jibu, na mwenyewe sikujua kwamba hapana ni jibu.

Basi juzi, baada ya pilau, Zaituni aliileta uani, tukaiweka juu ya kigoda, tukavuta waya. Tulibandika chai. Ilikuwa imekwiva tuliposikia muziki wake, na zile rangi zikaanza kutembea. Idi alisema, “Bado nzito,” ila alisema taratibu. Nikaingia kwa mlango wangu, nikafungua folda, na ripoti ya Sista Anjela ilikuwepo. Nikampigia picha, nikamtumia huko Njombe alikostaafu. Wajukuu walikuwa wamesogea. Mmoja, Salma, wa darasa la tano, akaona saa ya pembeni imepotea miaka mingi, akachukua mausi airekebishe, na kioo kikafifia.

Neno la siri la msimamizi.

Wote tuligeuza macho mlango wa jikoni, mimi, Zaituni, hata Idi, kama vile angetoka anafuta mikono. Machozi niliyodhani nimeyamaliza kwenye dua yakaja yote. “Hamlijui?” Salma aliuliza. Hatukulijua. Idi akasema yeye neno kama hilo analipita kwa dakika tano, akainama, akanyoosha kidole kuelekea kitufe kilekile. Safari hii sikuweka kiganja. Nilimtazama tu.

Kidole kikasimama. Akakirudisha, akajifuta uso na kofia yake ya dua.

“Mwambie arudi kesho,” akasema.

Nikabonyeza kukataa, kioo kikarudisha nuru, na saa tukaiacha ilivyo.